Kuondoka Si Kuacha

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Leo nimejiandikisha kusoma Kiingereza. Jirani yangu Charlotte alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Délice, weye na mvi zako zote!" Nikamjibu kwamba Kiingereza hakipitii kwenye nywele.

Sababu naiandika hapa, ili siku nikichoka nisijidanganye kwamba sikuwa nayo. Binti yangu Délice yuko Amerika. Aliondoka hapa Uvira akiwa msichana, akapita kambi ya wakimbizi Tanzania, akapelekwa kule, na kule ndiko alikomzaa Keza. Mtoto ana miaka tisa. Kiswahili chake ni cha kusalimia tu, na cha kuniita Tate, jina tunalomwitia huku mama wa mama. Jumapili alinisemesha kwenye telefone maneno mengi, sauti inapanda, inashuka, kisha akanyamaza akingoja. Nikasema "yes," maana ndilo neno nililokuwa nalo. Akaanza kulia. Mama yake alikuwa jikoni, akaja akachukua telefone, naye hakujua mtoto alilia nini.

Niliitikia nini? Nitajua. Hata kama ni kwa kusoma pamoja na wajukuu wa wenzangu.

Tarehe 6

Kalasi iko kwenye ukumbi wa parokia, Kimanga, alasiri. Asubuhi nauza mchele hapa Kalundu, kwenye soko la bandari, mchele wa kwetu Sange, basi alasiri ni yangu. Mwalimu anaitwa Spès. Ni Murundi aliyesomea Uganda, msichana ambaye ningeweza kumzaa. Nilichelewa kwa ajili ya matope. Akanisimamisha mbele ya watoto wa sekondari, viatu vyangu mkononi, mpaka somo likaisha.

Sikumpenda.

Tarehe 9

Mvua. Sikuuza kitu.

Tarehe 13

Ziwa limefika kwenye mpapai wa kiwanja changu. Miaka ile ya nyuma lilifika hapo, likasimama, likarudi. Safari hii halijasimama vizuri. Kila asubuhi nakuta taka mpya zimesogea: kandambili, gome la muhogo, samaki mdogo aliyekufa.

Jioni amekuja shemeji yangu Protais, mdogo wa marehemu mume wangu, Déogratias. Nyumba yake iko nyuma ya yangu, pale ardhi inapoanza kupanda, ukuta kwa ukuta. Tangu walipoanza kutengeneza barabara ya bandari, kila akiangalia kiwanja changu anaona depo ya mizigo. Hajawahi kulisema. Macho yake yanalisema.

Leo alikuja na huruma.

"Shemeji, maji haina ndugu," akasema. "Angalia vile inapanda. Weye rudia kwenu Sange, upumzike. Hapa sisi tutachunga."

"Kwetu ni wapi, Protais?"

"Sange. Si kule ulizaliwa?"

"Nilizaliwa Sange. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa. Kaburi la kaka yako unataka nilibebe kwenye taksibasi?"

Akanywa maji niliyompa, akaenda. Hakumaliza glasi.

Tarehe 15

Somo la leo limenikasirisha mpaka naandika nikiwa bado na viatu.

Spès aliandika neno moja ubaoni: leave. Akasema, "Leo hatutoki hapa mpaka tulijue." Nikadhani ni jambo la dakika chache. Akaanza. Basi likitoka kwenda Sange, ni leave. Haya. Mtu akisahau mwavuli wake kanisani, leave hiyohiyo. Mume akimkimbia mke, leave. Baba akifa, nyumba ikabaki kwa watoto, Waingereza wanasema aliwa-leave nyumba. Ukiwa na mayai, ukala mengine, yale yaliyosalia ndiyo yaliyokuwa leave. Ukitaka mtu asikusumbue, unamwambia leave me alone. Askari akipewa ruhusa ya kwenda kusalimia watoto, yuko leave. Na ukisema leave it to me, hapo maana yake kazi hiyo niachie mimi, usihangaike.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa watu walikosa maneno?"

Kalasi ikacheka. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeudhika kweli. "Kwetu muntu akiondoka, tunajua ameondoka. Akiacha, tunajua ameacha. Akimwachia mwenzake kitu, tunajua amemwachia. Hawa wenye Kiingereza wanajuaje kama baba alikimbia nyumba ama alirithisha nyumba?"

"Wanangojea neno la nyuma yake, Mama."

"Na likichelewa?"

Spès akacheka. Ni mara ya kwanza namwona anacheka, ana meno mazuri. "Likichelewa, wanagombana," akasema.

Tarehe 18

Mvua usiku kucha na mchana. Ndagala, samaki wetu wadogo, hazikauki, Kalundu yote inanuka.

Tarehe 24, Jumapili

Nimejua.

Nilijitengenezea sentensi tangu jana, Spès akanisahihishia. Délice alipompa mtoto telefone nikamwambia kwa Kiingereza: siku ile ulilia, uliniuliza nini? Kisha akasema polepole, kama anayempa mtoto mchanga chakula: Tate, niliuliza kama umenisahau.

Nami niliitikia ndiyo.

Mungu wangu. Wiki tatu nzima mtoto alikuwa akitembea kule Amerika akijua bibi yake amemsahau. Nikasema "no" mpaka pumzi ikaisha. No, no, no, Keza, no. Akacheka. Akanifundisha jina la paka wao, nikalikosea, akacheka tena.

Charlotte aliyenicheka naye amekaa mlangoni akisikiliza. Akafuta macho na kanga, akasema ni moshi.

Tarehe 2, mwezi wa ine

Maji yameingia jikoni, ile ya nje. Nimehamishia mafiga barazani. Kiboko alipita asubuhi kwenye bustani ya mihogo kama mwenye kiwanja. Nikampigia sufuria. Akaniangalia, akaendelea kula. Hata yeye.

Tarehe 5

Protais tena. Amesema shirika moja litakuja kuangalia nyumba zilizovamiwa na ziwa. Wanaotaka kuhama watapewa mahali kule juu mlimani, na viwanja vyao vya chini vitarudi mikononi mwa chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu. Wanaotaka kubaki watasaidiwa mifuko ya mchanga na miti ya kuzuia maji. "Fikiri vizuri," akasema. Nimeshafikiri.

Tarehe 8

Leo ni siku yangu kubwa.

Shirika limekuja. Kiongozi wao ni injinia kutoka Gana, mrefu, mpole, Kifaransa chake kidogo na Kiswahili hana. Walimpa mtu wa kumtafsiria, na nani kama si Aimé, mtoto wa Protais, aliyemaliza masomo ya Kiingereza na kukaa bila kazi. Protais mwenyewe akatembea nao kama mwenyeji wa sherehe.

Walipofika kwangu Aimé akasema, "Mama mukubwa, sema kwa Kiswahili, minye nitamufasiria."

Nikamwangalia, nikamwangalia baba yake aliyesimama nyuma ya bega lake. Nikasema, "Sihitaji kinywa cha nyumba yenu. Niko na changu."

Nikamgeukia injinia. Moyo ulikuwa ukinipiga kama wa bibi arusi. Nikasema yote kwa Kiingereza, bila kusimama: kwamba naishi hapa. Kwamba naishi hapa tangu zamani. Kwamba niliishi hapa na mume wangu na sasa naishi hapa peke yangu. Nikapiga mguu chini kwenye maji ili aelewe.

Alielewa! Aliinamisha kichwa, uso wake ukajaa huruma. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema nina hekima. Aimé akafungua mdomo. Protais akakohoa. Aimé akaufunga. Nikajua nimewanyamazisha wote wawili.

Kijana wa shirika akachora msalaba wa buluu ukutani, karibu na mlango. Unapendeza. Walipokwenda nilicheza peke yangu barazani.

Tarehe 9

Siwezi kuandika vizuri. Nitajaribu.

Asubuhi Charlotte amerudi kutoka sokoni akinitazama vibaya. "Umekubali kuhama bila kuniambia?" Nikamwuliza ametoa wapi maneno hayo. Akanionyesha ukuta wangu. Msalaba wa buluu, anasema, ni wa nyumba zinazohama. Zinazobaki hazikupakwa kitu. Avenue nzima inajua.

Nilikimbia mpaka Kimanga, mimi na umri wangu. Spès alikuwa anafagia ukumbi. Akaniambia, "Rudia kila neno ulilosema, vilevile ulivyolisema." Nikarudia. Akaweka ufagio chini, akafunika uso.

"Mama," akasema, "ulitaka kusema live, unaishi. Lakini vile unavyolitamka, anayesikia anasikia leave. Ulimwambia unaondoka hapa. Unaondoka tangu zamani. Uliondoka pamoja na mume wako, na sasa unaondoka peke yako."

Nikakaa kwenye benchi la watoto. Kumbe lile neno! Lile lenye nyumba mia, na mlango wa moja umekaa ubavuni mwa neno la kuishi. Kwa kinywa changu mwenyewe, kwa kiburi changu, nimejitoa kwangu. Na Aimé alisikia. Amesoma miaka yote ile, alisikia, akafunga mdomo.

Nikasema nimeacha kusoma. Kiingereza kiwarudie wenyewe.

Spès akakasirika. Sijamwona mtu akikasirika vile kwa ajili yangu tangu mume wangu afe. "Utaacha? Mama Délice, minye nilifika hapa Uvira na begi moja. Batu walinifundisha njia ya maji, njia ya soko, na minye nilipotea kila siku. Niliacha? Simama. Kuishi ni fupi, kama muntu anakugusa na kidole. Ile ingine ni ndefu, unavuta midomo kama mutoto anataka kulia. Sema."

Nikasema. "Hapana. Sema tena." Nikasema mpaka taya zikauma. Kisha akavaa mabuti yake, tukashuka pamoja mpaka ofisi ya shirika. Mlinzi akatuambia injinia ameenda Sange, atarudi kwa mkutano wa avenue. Tukaenda kwa chef wa avenue. Naye akasema, "Mama, kila kitu kwenye mkutano. Utasema pale."

Nitasema pale.

Tarehe 11

Nachota maji barazani na ndoo, nasema: fupi, ndefu, fupi, ndefu. Mtu akipita barabarani atadhani nimepagawa.

Tarehe 14, Jumapili

Nimegombana na mtoto wangu.

Protais alimpigia. Amemwambia nimekubali kuhama na sasa nakataa, na kwamba nitakufa maji. Délice akaanza, "Mama, toka hapo. Nyumba iko matofali tu."

"Baba yako alifyatua hayo matofali kwa mikono yake."

"Baba amekufa! Unataka na weye ufe ndani yake? Minye niko mbali, kila siku naangalia habari za ziwa kwenye telefone nikiwa kazini. Mwachie Protais, acha achukue, kiko kitu gani?"

Nikamwambia, "Ukiwa mbali usigawe vitu vya karibu." Nikakata. Sijawahi kumkatia Délice. Nimekaa na telefone mapajani, haikulia tena.

Tarehe 16

Siku ya soko. Mvua.

Tarehe 19

Maji yameingia ndani. Nilipoamka miguu ilishuka kwenye baridi. Charlotte na majirani wamenisaidia kubeba godoro, gunia la mchele, picha ya harusi na sufuria, tumepeleka kwake juu. Nalala kwake. Sikulia. Nilifunga mlango, nikaweka ufunguo kifuani, ingawa maji yanaingia chini ya mlango yakitaka na kutoka yakitaka.

Tarehe 21

Leo nimeshuka kuangalia. Nimekuta vijiti vimesimikwa majini kuzunguka kiwanja changu, na kamba imefungwa kutoka kimoja hadi kingine. Protais alikuwa amesimama upande wa ukuta wake, mikono mfukoni.

"Nini hii?" nikauliza.

"Ni kuchunga tu, shemeji. Mahali muntu ameacha, wezi wanaingia."

"Nani ameacha?"

"Si umeondoka? Kila muntu ameona vile ulibeba godoro."

Nilipandisha kitenge, nikaingia majini mpaka mapajani, nikang'oa kijiti cha kwanza. Kilikuwa kimezama sana kwenye matope, nikakitikisa kama jino. Nikang'oa cha pili. Protais akaita, "Mama, kuna mamba humo!" Nikamwambia mamba naye ana haki ya kula mahali pake. Niling'oa vyote. Nikavibeba begani mpaka kwa Charlotte, na jioni tumevitumia kupika maharagi. Yameiva vizuri.

Tarehe 26

Mkutano. Niandike nikiwa nakumbuka kila sauti.

Ulikuwa mbele ya nyumba ya chef wa avenue, chini ya turubai kwa sababu ya manyunyu. Injinia amekaa kwenye kiti, Aimé pembeni yake. Spès alikuja, ameahirisha kalasi. Charlotte alikuja na nusu ya soko.

Chef akasema kiwanja changu kiko kwenye orodha ya vilivyoachwa, na kwamba ndugu wa marehemu amekiomba. Protais akasimama. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alisema ananiheshimu. Alisema mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa Kiingereza, nilimwambia mgeni kwamba naondoka, na hakuna aliyenilazimisha. Na kama mtu ana shaka, aende aangalie: nyumba iko tupu. "Ameondoka. Ameacha. Sisi tunataka tu kulinda ya kaka yetu."

Watu wakanigeukia. Nikasimama.

Nilianza na Kiingereza. Nilisema sentensi moja tu, ile fupi, kama kidole: I live here. Injinia akainua kichwa. Nikairudia. Akakunja uso, akamwangalia Aimé, kisha mimi. Nikaona ameanza kusikia kitu. Lakini yaliyobaki yalikuwa makubwa kuliko Kiingereza changu, nami sikutaka kujikwaa tena. Nikageukia Kiswahili, nikasema, "Aimé. Fasiria. Sema vile ninasema, usipunguze."

Aimé akaangalia miguu yake.

"Ni kweli niliondoka," nikasema. "Maji ilinitoa. Sikatai. Lakini Protais amesema maneno mawili kama vile ni moja. Ameondoka, ameacha. Hapa Kalundu wavuvi wanaondoka kila jioni na mitumbwi yao. Nani kati yenu, akiona mitumbwi inatoka, anaenda kugonga mlango wa bibi ya mvuvi na kusema huyu ameachwa?"

Wanawake wa soko wakaguna kwa nguvu.

"Mutoto wangu Délice aliondoka. Iko mbali kuliko hii ziwa yote. Aliacha kuwa mutoto wangu? Mume wangu ameondoka, na hatarudi. Minye nimeacha kuwa bibi yake? Minye niliondoka na godoro. Sikuacha kiwanja. Ziwa likirudi kwake, na minye ninarudi kwangu. Na muntu akitaka depo, atafute mahali hakuna muntu. Fasiria, Aimé."

Manyunyu yanapiga turubai. Protais akakohoa, kikohozi kilekile.

Aimé akasimama. Kijana ana sauti nyembamba, sikuwahi kuigundua. Alianza kusema Kiingereza, na mimi nikawa nasikiliza kama mtu anayehesabu chenji. Nilisikia wavuvi. Nilisikia jina la Délice. Alipofika kwenye maneno yale mawili alikwama, akatafuta, akasema moja, akalirudisha, akatumia mengine mengi kuyatenganisha. Hakupunguza. Mwishoni akaongeza jambo ambalo sikusema. Kisha akalirudia kwa Kiswahili, kwa sisi wote, macho yamemwangukia baba yake.

"Ile siku ya kwanza Mama mukubwa alitaka kusema anaishi hapa. Minye nilisikia. Nilijua mugeni ameelewa mubaya. Nilinyamaza."

"Kwa nini?" chef akauliza.

"Baba yangu alikuwa amesimama pale."

Protais akaondoka mkutanoni. Hakuna aliyemfuata.

Injinia alikuja mpaka nilipokaa. Alisema pole, na akasema yeye hana mamlaka juu ya viwanja, lakini jina langu litatoka kwenye orodha ya wanaohama. Chef akasema kiwanja ni cha mjane wa Déogratias mpaka atakapokitoa mwenyewe, ila nisilale pale mpaka maji yashuke. Nikakubali hilo. Mimi si mjinga.

Nilirudi kupitia nyumbani. Nilikwangua msalaba wa buluu kwa kisu mpaka matofali yakaonekana.

Tarehe 28, Jumapili

Telefone imelia. Si Délice, ni Keza peke yake. Mama yake alikuwa amelala, ametoka kazini.

Tuliongea habari za shule. Kisha akashusha sauti. Akasema mama yake analia tangu tulipogombana. Nikauliza analia nini. Akasema kwa Kiingereza, na nililisikia kila neno kama limeandikwa ubaoni: Mama anasema hakupaswa kamwe kuku-leave.

Nikakaa kitandani kwa Charlotte. Lile neno tena. Nikangoja neno la nyuma yake, kama Spès alivyotufundisha, lakini nyuma yake nilikuwa mimi tu. Hakupaswa kuniacha. Ndivyo mwanangu anavyojihesabu miaka hii yote: kwamba aliniacha. Ndiyo maana anaangalia habari za ziwa kila siku. Ndiyo maana alitaka nitoke hapa haraka. Anaogopa kwamba maji yatamaliza kosa alilolianza yeye. Nami nilimkatia telefone.

Nikamwambia Keza amwamshe. Akasema amechoka. Nikasema amwamshe.

Délice akaja na sauti ya usingizi. Nikataka mtoto naye asikie, basi nikasema kwa Kiingereza changu, kibovu, polepole: Your mama go. She not leave me.

Nikadhani unite za telefone zimeisha. Kisha nikasikia Délice anapumua.

"Mama, nani alikufundisha hiyo?"

"Kalasi," nikasema. "Na nyumba siitoi."

"Najua," akasema. "Najua, Mama." Akacheka huku analia. Keza akauliza kwa Kiingereza nini kinachekesha, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Tarehe 7, mwezi wa tano

Mvua imekatika siku kadhaa. Bado nalala kwa Charlotte. Anakoroma.

Tarehe 20

Maji yametoka ndani, yamebaki jikoni ya nje. Yameacha matope mazito, meusi, yananuka ziwa. Nimeanza kuyatoa na jembe. Ukuta wa mbele umepasuka lakini umesimama.

Aimé alitokea na jembe lake. Hakusalimia. Alianza chumba cha nyuma, nami nikaendelea na cha mbele. Miaka yote nilimwona kama kivuli cha baba yake, kitu cha kurefuka na kufupika kwa amri ya mwingine. Leo nimemwangalia mgongo ukitoa jasho. Ni kijana aliyechoka, basi. Mchana nikampa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alikula kwa kutazama sahani.

"Baba amenifukuza," akasema.

"Unalala wapi?"

"Kwa rafiki, Kimanga."

Sikumwambia alifanya vizuri. Alinigharimu mengi kwa kunyamaza kwake. Nikamwongezea sombe.

Tarehe 27

Spès ametangaza matokeo ya mtihani. Nimepata alama ndogo kwenye kuandika na kubwa kwenye kusema. Amenisimamisha mbele tena, safari hii nimevaa viatu.

Tarehe 3, mwezi wa sita

Leo nimerudi.

Charlotte alibeba godoro kwa kichwa, Aimé gunia, mimi sufuria. Sakafu bado ina unyevu, kuni zangu nazo. Nimewasha moto barazani kwa taabu, nimepuliza mpaka machozi. Moshi ulipotoka ulikuwa mzito na mweupe, ukapanda ukuta, ukaingia wote dirishani kwa Protais.

Nikamsikia anakohoa. Anaita kutoka ndani, "Nani anawasha moto pale?"

Nikasema kwa Kiswahili, ili kusiwe na kosa. "Ni minye. Niko. Funga dirisha."